Mabawabu wa Lango Kuu la Kusini la Tōdai-ji

Katika mji wa Nara, uliokuwa makao makuu ya wafalme wa Japani kwa sehemu kubwa ya karne ya nane, lipo hekalu la Kibudha liitwalo Tōdai-ji, maana yake Hekalu Kuu la Mashariki. Mgeni aliendeaye kutoka upande wa kusini hulikuta kwanza lango la mbao lenye mapaa mawili, na ndani ya lango hilo, kushoto na kulia, wamesimama mabawabu wawili wa mti, kila mmoja akipita mita nane kwa urefu. Vifua vyao viko wazi, mishipa imewatutumka, na nguo zao zimechongwa kana kwamba upepo unazipeperusha. Mmoja amefunua kinywa, mwenziwe amekifumba.

Sanamu hizi zilisimamishwa mwaka 1203. Kwa miaka mingi wataalamu waliona wamekwisha kujua ni mkono wa nani uliochonga ipi, na jambo hilo likaandikwa katika vitabu kama jambo lisilo na shaka. Kisha, kati ya mwaka 1988 na 1993, sanamu zote mbili zikafumuliwa kwa ajili ya matengenezo, na maandishi yaliyokutwa ndani yake yakasema kinyume. Ili kuyaelewa maandishi hayo hapana budi kulitazama kwanza lango lenyewe na sababu ya kujengwa kwake, kwa kuwa mabawabu na lango ni kazi ya mpango mmoja.

Tōdai-ji ilianzishwa na Mfalme Shōmu, ambaye mwaka 743 alitoa amri kwamba itengenezwe sanamu kubwa ya shaba ya Budha Vairocana, na kwamba raia washiriki katika kazi hiyo hata kama uwezo wa mtu ni jani moja la majani au konzi ya udongo. Sanamu hiyo ilifunguliwa macho mwaka 752. Kufungua macho ni ada ya Kibudha: sanamu huhesabiwa kuwa chuma au mti tu mpaka itiwe mboni kwa kalamu ya wino. Aliyeishika kalamu siku ile alikuwa Bodhisena, mtawa wa Kihindi aliyefika Japani mwaka 736 kwa njia ya Uchina. Jina lake lafaa kukumbukwa, maana elimu ya herufi za Kihindi, ambayo itarejewa hapa chini, ilifika Japani kwa njia iyo hiyo waliyopita watu kama yeye.

Lango la kwanza la kusini halikudumu. Mwaka 962 liliangushwa na dhoruba. Msiba mkubwa zaidi ulikuja mwishoni mwa mwaka 1180 kwa hesabu ya Kijapani, yaani Januari 1181 kwa kalenda ya Kizungu. Ukoo wa Taira, uliokuwa ukishika madaraka, ulikuwa na ugomvi na watawa wa Nara, waliokuwa wakiweka askari wao wenyewe. Taira no Shigehira akaja na jeshi, moto ukawashwa usiku, ukashika Tōdai-ji na jirani yake Kōfuku-ji. Jumba la Budha Mkuu likateketea pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo, na kichwa cha sanamu ya shaba kikaanguka.

Kazi ya kulijenga upya hekalu hakupewa waziri wala jemadari, bali mtawa aliyeitwa Chōgen. Alizaliwa mwaka 1121, na alipoteuliwa mwaka 1181 alikuwa katika umri ambao wengi wa wakati wake walikuwa wamekwisha kuzikwa. Cheo chake kilikuwa cha mkusanyaji mkuu wa sadaka. Alizunguka nchini akiomba kwa wakubwa na kwa wadogo, na wasaidizi wake wakafanya vivyo hivyo. Mwenyewe alidai kwamba amekwisha kusafiri mara tatu kwenda Uchina ya enzi ya Song. Dai hilo limejadiliwa sana. Walakini hapana awezaye kukana kwamba alijua mambo ya Uchina, kwa kuwa lango lake linashuhudia. Alijiita Namu Amidabutsu, maneno ambayo Wabudha wa madhehebu ya Amida huyakariri katika ibada zao, na wafuasi wake aliwapa majina ya namna hiyo hiyo, kila mmoja akitanguliziwa silabi yake mbele ya jina la Amida. Desturi hii ndogo itakuja kuwa na manufaa kwa mwanahistoria.

Shaba ilipata fundi wake. Chen Heqing, Mchina mwenye ujuzi wa kuyeyusha na kumimina madini, aliajiriwa na Chōgen, na mwaka 1185 sanamu ilikuwa tayari kufunguliwa macho mara ya pili. Safari hii kalamu ilishikwa na Go-Shirakawa, mfalme aliyekwisha jiuzulu, naye alitumia kalamu ile ile ya mwaka 752, iliyokuwa imehifadhiwa katika ghala ya hazina ya Shōsō-in. Huyu Chen alikuwa mtu wa msimamo wake. Mwaka 1195 Minamoto no Yoritomo, mtawala mpya wa kijeshi aliyetoa mchele, vumbi la dhahabu na hariri kwa ajili ya kazi hiyo, alikuja kuhudhuria sherehe ya jumba jipya, akataka kuonana na fundi. Chen akakataa, akisema kwamba Yoritomo ameua watu wengi mno. Zawadi alizoletewa akazitoa sadaka kwa hekalu. Miaka mingi baadaye alimwundia mwana wa Yoritomo jahazi kubwa ambalo mwaka 1217 liligoma kuelea, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mbao zilikuwa taabu zaidi kuliko shaba. Misitu ya karibu na Nara ilikuwa imekwisha kutoa miti yake mikubwa kwa ajili ya mahekalu ya karne zilizopita, na nguzo za jumba hili zilihitaji magogo ambayo mtu hayapati popote. Mwaka 1186 Chōgen alipewa mapato ya jimbo la Suō, magharibi mwa kisiwa kikuu cha Honshū, naye akaenda huko mwenyewe kuitafuta miti katika milima ya mto Saba. Kuukata mti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufikisha baharini. Mto ulikuwa na maji haba, basi vikajengwa vizuizi zaidi ya mia moja ili kuyainua maji magogo yapate kuelea. Kutoka mlango wa mto yalivutwa kwa njia ya bahari ya ndani, kisha yakapandishwa kwa mito na kwa barabara hata Nara. Wafanyakazi walijengewa nyumba za mawe za kuogea kwa mvuke, na mabaki yake yapo hata leo katika nchi ile.

Uhaba huu wa miti, pamoja na haraka ya kazi, ndio ulioamua umbo la lango lililoinuliwa mwaka 1199. Urefu wake ni mita 25 na zaidi juu ya kitako chake cha mawe. Upana wake una nafasi tano kati ya nguzo, na kina chake nafasi mbili. Nguzo ni 18, za mviringo, na kila moja yapanda moja kwa moja bila kiungo mpaka chini ya paa la juu, mwendo wa mita 21. Kwa nje lango laonekana kuwa na ghorofa mbili. Ndani hamna sakafu ya juu wala dari: anayesimama katikati akiinua macho huona boriti juu ya boriti mpaka giza la paa.

Ujenzi wa Kijapani wa zamani uliziachia nguzo uzito wa paa kwa kuziweka mihimili juu ya vichwa vyake, na uimara wa nyumba ulitegemea unene wa nguzo zenyewe. Chōgen alifanya vingine. Nguzo zake zimetobolewa matundu, na boriti za kulala zimepitishwa ndani ya matundu hayo kutoka nguzo hata nguzo, kisha zikakazwa kwa kabari, hata lango zima likawa kama tenga lililosukwa kwa mbao. Vivyo hivyo mikono inayobeba ukingo wa paa haikuwekwa juu ya nguzo kama ilivyokuwa desturi, bali imechomekwa ubavuni mwa nguzo, mkono juu ya mkono, safu sita, kila safu ikitokeza nje kuliko ya chini yake. Kwa njia hiyo paa zito la vigae limebebwa mbali na nguzo bila msaada kutoka chini. Zaidi ya hayo, vipande hivi vilipasuliwa kwa vipimo vichache vinavyorudiwa rudiwa. Seremala hakuhitaji kuchonga kila kipande kwa mahali pake peke yake; alichonga vingi vya namna moja, navyo viliingia popote palipovitaka. Mtu awezaye kufundisha mafundi wengi kipimo kimoja hujenga upesi, na hupoteza mti kidogo.

Wajapani huuita mtindo huu Daibutsuyō, yaani mtindo wa Budha Mkuu. Asili yake imetafutwa katika majengo ya kusini mwa Uchina. Haukupendwa sana. Chōgen alipokufa mwaka 1206 mtindo wake ulififia pamoja naye, na majengo yaliyosalia ni machache. Lililo kamili kuliko yote baada ya lango hili ni jumba la Amida la hekalu la Jōdo-ji katika Hyōgo, la mwaka 1192. Yamkini macho yaliyozoea wororo wa majengo ya Kyoto yaliuona kuwa mkavu. Lakini boriti ya kupenya nguzo haikuachwa. Maseremala wa mitindo mingine waliichukua, ikawa mali ya ujenzi wote wa Kijapani.

Sasa yafaa kurudi kwa mabawabu. Walinzi wa namna hii huitwa kwa Kijapani Niō, Wafalme Wawili wenye Huruma, jina ambalo huwashangaza wageni wakizitazama nyuso zao. Asili yao ni Vajrapani, mlinzi wa Budha mwenye kushika silaha iitwayo vajra, neno la Kisanskriti lenye maana ya radi na ya almasi pia. Katika nchi ya Gandhara, ambako sanaa ya Kihindi ilikutana na ya Kiyunani, mlinzi huyu mara nyingine alichongwa kwa sura ya Herakles. Mlinzi mmoja baadaye akawa wawili, kwa kuwa mlango una pande mbili.

Vinywa vyao ni somo la isimu. Kilichofunuliwa husema *a*, nacho kilichofumbwa husema *hūṃ*, ambayo kwa matamshi ya Kijapani imepoteza pumzi yake ya kwanza ikawa *un*. Ndiyo maana sanamu huitwa Agyō na Ungyō, umbo la *a* na umbo la *un*. *A* ni herufi ya kwanza katika mpango wa Kisanskriti, sauti itokayo kinywa kikifunguka tu, nayo kwa kawaida ya lugha ile imo ndani ya kila konsonanti isiyoandikiwa irabu nyingine. *H* ndiyo ya mwisho katika safu ya konsonanti, na katika *hūṃ* hufuatwa na mvumo wa puani unaoishia midomo ikikutana, kama ikutanavyo midomo ya Mswahili aanzapo kutamka neno *mtu*. Basi bawabu mmoja ni mwanzo wa usemi na wa pili ni ukomo wake, na baina yao imo lugha yote, kama asemavyo mwalimu wa chuoni, kutoka alifu hata ya. Wanavyuoni wa Kijapani hawakulichukua jambo hili kwa mzaha. Mtawa Kūkai, aliyekufa mwaka 835, aliandika risala nzima juu ya maana ya herufi *hūṃ* pekee. Na mpangilio wa silabi za Kijapani, unaoanza na *a*, ulitokana na masomo ya herufi hizi za Kihindi. Hata leo Wajapani husema juu ya watu wawili waelewanao bila kuambiana kwamba wana pumzi ya *a-un*.

Kwa kawaida ya mahekalu, Agyō husimama kuliani kwa mtu aingiaye na Ungyō kushotoni, na wote wawili hutazama nje. Katika lango la Tōdai-ji mambo yamegeuzwa: Agyō yuko kushoto, upande wa magharibi, Ungyō kulia, na wanatazamana wao kwa wao, hata mpita njia hupita kati ya macho yao. Wataalamu wengine wamelihusisha jambo hili na mifano ya Kichina ya enzi ya Song, rai inayopatana na mengine yote yaliyofanywa na Chōgen.

Kumbukumbu za hekalu zasema kwamba kazi ilianza siku ya 24 ya mwezi wa saba mwaka 1203 ikamalizika siku ya 3 ya mwezi wa kumi, yaani siku 69. Wasomaji wengi waliona hesabu hiyo ni ndogo mno kwa majitu mawili kama haya. Jibu limo katika namna ya kuchonga. Sanamu hazikutolewa katika gogo moja moja. Ziliunganishwa kwa vipande vya mti, na zilipofumuliwa ilionekana kwamba kila moja ina vipande vipatavyo 3,000. Mihimili mirefu hufanya mifupa, na juu yake hubandikwa vipande vidogo vya misuli, vya mikunjo ya nguo, vya vidole. Mtu mmoja aweza kuchonga goti huku mwenziwe akichonga sikio, maadamu wote wamepewa kipimo. Kwa hiyo akili iliyojenga lango na iliyojenga mabawabu ni moja: kazi kubwa hukatwa ikawa kazi ndogo nyingi, na ustadi wa fundi mkuu huwa katika kuzikutanisha.

Mafundi wakuu walikuwa wanne: Unkei, Kaikei, Jōkaku na Tankei. Wote walikuwa wa shule ya wachongaji iitwayo Kei, iliyokuwa na uhusiano na hekalu la Kōfuku-ji. Unkei alikuwa mwana wa Kōkei, aliyekuwa kiongozi wa shule hiyo. Kaikei alikuwa mwanafunzi wa Kōkei. Tankei alikuwa mwana wa Unkei. Kazi za Unkei zajulikana kwa nguvu na uzito wa mwili, za Kaikei kwa usafi wa mistari na upole. Kwa kuwa Agyō ana mistari iliyo wazi na iliyopangika zaidi, na Ungyō ana giza na msukumo mkubwa, wataalamu wa sanaa walimpa Kaikei yule wa kwanza na Unkei yule wa pili. Hoja ilikuwa nzuri, na ilitokana na macho yaliyozoezwa. Ikafundishwa.

Matengenezo yakafika. Katika vajra iliyoshikwa na Agyō, mahali mbao zilipounganishwa, palikutwa maandishi ya wino yaliyofichika tangu mwaka 1203: jina la Unkei, na pamoja nalo An Amidabutsu, silabi ya kwanza ikiwa imeandikwa kwa herufi ya Kihindi. Hilo ndilo jina ambalo Kaikei alilitumia kwa mfano wa majina ya Chōgen. Kwa hiyo Agyō ni wa Unkei na Kaikei pamoja. Katika mwili wa Ungyō palikuwa na msahafu wa kukunja wa maneno matakatifu, na mwishoni mwake yameandikwa majina ya Jōkaku na Tankei. Bawabu aliyesifiwa miaka mingi kuwa ndiye kilele cha mkono wa Unkei hakuwa na jina lake hata kidogo.

Wako waliotaka kuona hapa kushindwa kwa elimu ya mitindo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kaikei alionwa katika Agyō, na kweli alikuwamo. Kosa halikuwa la macho, bali la swali: wataalamu waliuliza ni mtu gani mmoja aliyechonga sanamu ipi, wakati karakana ile haikugawa kazi kwa namna hiyo. Tena, maandishi yenyewe hayamalizi shauri. Jōkaku na Tankei waliandikwa katika Ungyō, lakini wengi wa wachunguzi huona kwamba mpango mzima ulikuwa chini ya uangalizi wa Unkei, aliyekuwa mkubwa wa shule. Heshima zilizotolewa zaelekea huko: baada ya sherehe ya mwaka 1203 Unkei alipewa cheo cha Hōin, cha juu kuliko vyote wapewavyo wachongaji, na Kaikei akapewa Hokkyō, kilicho chini ya hicho kwa daraja mbili.

Ipo pia dalili nyingine, ya patasi na si ya kalamu. Wafumuaji waliona kwamba baada ya sehemu kuunganishwa mafundi walirudi wakabadili mambo: chuchu na kitovu vilihamishwa mahali pake, na nyusi na mboni za macho zikarekebishwa. Sababu yafahamika. Sanamu ya mita nane iliyochongwa ikiwa imelala chini haionekani vile vile ikisimamishwa na kutazamwa kutoka miguuni. Lazima palikuwa na mtu aliyesimama chini, mahali pa mpita njia, akatazama juu, akaamuru kipande kilichokwisha kumalizika king'olewe. Amri ya namna hiyo haitolewi na kila mtu.

Mwaka 1567 vita vilifika tena katika uwanja wa Tōdai-ji. Jumba lililojengwa na Chōgen likaungua, na Budha wa shaba akakaa wazi kwa mvua na jua kwa zaidi ya karne moja, mpaka jumba la sasa lilipokamilika mwaka 1709. Jumba hilo, lililo kubwa vya kutosha kumshangaza kila mtu, lina upana wa mita 57; la kwanza lilikuwa na mita 86. Lango la kusini halikuguswa na moto ule, na mabawabu wake walisalimika pamoja nalo.

Nyuma ya migongo yao, katika upande wa lango unaoelekea jumba, wamekaa simba wawili wa mawe ambao wapitao wengi hawawatazami. Hawakuwa hapo tangu mwanzo. Walichongwa mwaka 1196 kwa ajili ya lango la kati, na mafundi wa Kichina wa enzi ya Song. Kumbukumbu za hekalu zaeleza kwamba mawe ya Japani yalionekana kuwa magumu kwa kazi hiyo, basi jiwe likanunuliwa Uchina na kuletwa kwa bahari, na gharama za kulisafirisha na mengineyo zikapita koku 3,000 za mchele. Wachongaji walikuwa wanne. Jina lililoandikwa ni la mmoja tu, Rokurō, nalo ni jina la Kijapani la kumwita mwana wa sita. Jina alilopewa kwao halikuandikwa.